Kibati cha Picha Pana

Juzi tulimzika mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba yangu, na mimi sikulia. Nilisimama kando ya kaburi nimefunga mikono kifuani. Kijana aliyekodiwa kupiga picha alinijia mara tatu. "Mama, sogea ndani. Ukibaki hapo nitakukata." Nikamwambia anikate. Akacheka, akadhani natania, akailaza simu yake ubavu. "Haya, sasa umeingia," akasema, "ila wale wa mbele wamebaki bila miguu." Wenzake wakacheka. Mimi nilirudi nyumbani na hasira niliyodhani imekwisha zamani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika haya, mistari miwili leo, mmoja kesho.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka chai ilipokuwa bado zao jipya kwetu Nyamira. Vilima vilikuwa vya wimbi, mahindi na ndizi, halafu ghafla kila mwenye boma akataka mistari yake ya kijani. Mnakumbuka harufu ya majani mabichi yaliyoshinda juani ndani ya kikapu, kama nyasi iliyoanza kuchachuka. Harufu hiyo wengine huiita harufu ya pesa. Mimi nikiinusa natazama kushoto na kulia.

Baba, ambaye tulimwita tata kama ilivyo kwetu, alikuwa na wake wawili. Bosibori, mama mkubwa, alikuwa na nyumba upande wa juu wa boma. Mama yangu, Kerubo, alikuwa upande wa chini. Kila mmoja alikuwa na mistari yake ya chai, na katikati palikuwa na njia nyembamba isiyopandwa kitu. Hiyo njia ndiyo ilikuwa mpaka. Hawakupendana. Mama mkubwa aliweza kupita mbele ya mlango wetu na mtungi kichwani, akatema mate, akaendelea. Mama naye alipokuwa akisonga ugali alikuwa akigonga mwiko kwenye sufuria kwa nguvu, ili huko juu wasikie kwamba hata kwetu kunaliwa.

Nilikuwa na miaka sita au saba. Kwetu msichana wa umri huo alikuwa omoreri, yaani mlezi. Alifungwa mtoto mdogo mgongoni asubuhi, na huyo mtoto ndiye kazi yake mpaka jioni. Mama yangu hakuwa na mtoto mwingine ila mimi. Mama mkubwa alikuwa na wavulana watupu, na wa mwisho wao, Nyakundi, ndiyo kwanza alikuwa anaota meno. Tata akaamua nimlee huyo. Kila asubuhi nilipanda kwenda nyumba ya juu, mama mkubwa akanifunga mwanawe mgongoni kwa leso, akakaza fundo mpaka nikakosa pumzi, akasema maneno yale yale: "Usitoke naye bomani. Jua likimpiga, mimi nitakupiga wewe." Nyakundi alikuwa mzito na mwenye kucheka ovyo. Alicheka akiona kuku. Alicheka akiona moshi. Katika nyumba ile ya juu, yeye ndiye niliyempenda.

Siku moja bwana shamba alileta watu wa sinema kutoka Nairobi. Walitaka kuonyesha wakulima namna nzuri ya kuchuma, majani mawili na chipukizi. Walichagua shamba letu kwa sababu liko kwenye mteremko, na mpiga picha aliweza kusimama juu akatazama chini. Alikuwa mwanamume mrefu asiyesalimu mtu. Aliunganisha vidole vyake vya shahada na vidole gumba akafanya dirisha, akaliweka mbele ya jicho moja, akatembea hivyo mbele ya wanawake waliokuwa wamevaa nguo zao za kanisani.

"Wewe. Wewe. Wewe hapana."

Aliyeambiwa hapana alikuwa mama mkubwa.

"Mimi ndiye mwenye boma hili," akasema.

"Wewe ni mrefu sana, mama," bwana shamba akajibu kwa haya. "Anasema kichwa chako kitatoka nje."

"Kitoke nje kiende wapi?"

Mama yangu alichaguliwa, akawekwa mwisho wa mstari, pale pale mpakani. Mama mkubwa alinifunga Nyakundi mgongoni, akaniamuru nisitoke bomani, akachukua kikapu akaenda Ekerenyo, ingawa haikuwa siku ya soko.

Mpiga picha akasema hataki watoto, kwa kuwa mtoto hutazama mashine na kuharibu kazi. Tata akaichukua amri hiyo akaifanya yake. Alizunguka na fimbo akitangaza, "Nikiona hata unywele wa mtoto kwenye chai hii, nitamchapa mpaka asahau jina lake."

Nilijaribu kubaki. Lakini boma lilikuwa tupu, Nyakundi akaanza kulia, na mimi nikaogopa ukimya. Nikashuka kwa kupitia migombani, nikajipenyeza kati ya mistari ya chai, nikatokea kwenye njia ya mpaka, nikachuchumaa miguuni pa mama. Mama alishtuka. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akainama, akaniwekea kiganja kichwani, akanisukuma chini mara mbili, tatu, kama mtu anayeshindilia udongo.

"Kaa," alisema bila kufungua midomo.

Nikakaa. Huko juu mashine ilikuwa ikilia kama nzige. Nyakundi alinyamaza, akawa anavuta majani ya chai. Tulipotoka walikuwa wameshafunga vyombo vyao, na hakuna aliyekuwa ametuona. Nilijivunia sana kiganja kile. Niliamini mkono wa mama ukimkandamiza mtu, mtu huyo hafichiki tu, bali anafutika.

Miezi ikapita. Surua ikaingia kwenye kilima chetu, ikachukua watoto katika nyumba tatu, na mmoja wao alikuwa Nyakundi. Alikufa siku ya nne. Mama mkubwa aliacha kabisa kuitikia salamu za mama. Kabla ya hapo walau alikuwa akiguna.

Ndipo gari la sinema likaja na picha yetu. Ilikuwa Jumapili mchana, darasani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi yaliyonuka moshi. Mwalimu mkuu alikuwa ameunganisha shuka mbili kwa upana, zikaenea kutoka ukuta mpaka ukuta. Shule ya kilima cha pili ilikuwa imeonyeshwa sinema kwenye shuka moja tu, na yeye hakutaka tuonyeshwe picha ndogo kama wale. Mwenye mashine, kijana wa viatu vyenye ncha, alifurahi sana.

"Hii ndiyo mambo," akasema. "Mjini siku hizi picha ni pana. Picha ya mraba ni ya washamba."

Alisukuma mashine yake mpaka ukuta wa nyuma ili mwanga ujaze shuka kutoka ncha hadi ncha. Ukajaza, lakini ukamwagika pia juu kwenye paa na chini kwenye vichwa vya waliokaa mbele. Basi akatoa mfukoni kibati kidogo alichokikata kutoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Kilikuwa na ufa katikati, mwembamba kama ukucha wa kidole cha mwisho. Akakiingiza ndani ya mashine, pale ukanda wa picha unapopita. Mwanga ukasinyaa juu na chini, ukakaa sawasawa kwenye shuka. Watu wakapiga makofi kwa huo mwanga mtupu. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na viatu vyake, na yote hayo niliyaona. Sikuyaelewa tu.

Picha ikaanza. Kilima chetu kikatokea, hakina kilele. Bwana shamba akatokea, amekatwa kwenye paji la uso.

"Kofia yake iko wapi?" mtu akauliza.

"Imebaki Nairobi!"

"Na miguu?"

"Miguu ameenda kuinunulia viatu!"

Tulicheka mpaka machozi. Hata mama mkubwa niliona mabega yake yakitikisika. Wanawake wakapita na vikapu mgongoni, wakielea bila miguu, wakubwa, wapana. Kisha akatokea mama yangu. Alichuma. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akainama, na mkono wake ukashuka ukatoka chini ya shuka. Hatukuuona tena. Tuliona bega tu, likisukuma mara mbili, tatu. Kisha akainuka, mkono mtupu, midomo ameibana, akaendelea kuchuma.

"Na huyu mama ameangusha nini huko chini?" akatania mwenye mashine.

Hakuna aliyecheka. Katika giza lile ikasikika sauti ya mama mkubwa, si kubwa.

"Hakuangusha. Anafukia."

Sijui nani alipiga kelele kwanza. "Ni mpakani! Ni mpakani pake!" "Mmeona macho yake alivyotazama?" Mwanamke aliyekaa karibu na mama alimvuta mtoto wake kama anayemtoa motoni. Mama akasimama, mwanga wa mashine ukampiga usoni.

"Nilikuwa namficha mtoto! Namficha Moraa wangu, na Nyakundi yuko mgongoni!"

"Usimtaje mwanangu kwa kinywa hicho!" mama mkubwa akapiga yowe. "Nilimwacha nyumbani! Uongo! Mtoto yuko wapi hapo? Tuonyeshe!"

Wote wakageuka kutazama shuka, ingawa picha ilikuwa imeshapita na sasa palikuwa na lori likipakia magunia ya majani. Mimi nami nilikuwa nimetazama. Nilikuwa nimengoja kwa hamu na hofu kujiona, na sikuwemo. Mkono ulishuka, na chini yake hapakuwa na kitu. Nikawaza, basi ni kweli, ule mkono ulitufuta. Alitufuta wawili, na Nyakundi ameshakufa. Nikaanza kujishika magoti gizani kuona kama bado nipo.

Kesho yake walichimba njia ya mpaka. Walipata kigae cha chungu na mfupa wa kuku. Chimba shamba lolote la Gusii utapata kigae na mfupa wa kuku, lakini siku hiyo walivibeba juu ya jani la mgomba kama vitu visivyowahi kuonekana duniani. Wazee wakakutana uani kwa tata. Msemaji wao alikuwa Mzee Onchiri, kaka ya babu yangu, mtu wa kanisa, mwenye sauti ya upole ambayo mpaka leo naichukia. Mama akarudia maneno yake. Mzee Onchiri akaniita katikati.

"Moraa, mjukuu wangu. Siku ya mashine ulikuwa wapi na mtoto?"

Mbele yangu alisimama tata na fimbo yake. Kando yake mama mkubwa, aliyenikataza kutoka bomani. Nyuma yangu nilimsikia mama akipumua. Ningesema kweli, ningekuwa nimeingia kwenye chai na nimempeleka marehemu juani, yote mawili. Na zaidi ya hayo, nilikuwa nimeitazama sinema kama wao.

"Nilikuwa nyumbani."

"Hukuenda kwenye chai?"

"Sikuenda."

"Hata sinema imesema hivyo," Mzee Onchiri akawaambia wenzake. "Macho ya watu yanaweza kudanganya. Ile ni mashine."

Mama hakupiga kelele. Walimfukuza mchana huo huo, arudi kwao Tabaka. Watoto wa shule walijipanga njiani, wengine niliocheza nao, wakaimba mchawi, mchawi, mpaka alipovuka mto. Mimi nilibaki, kwa kuwa mtoto ni wa baba yake.

Nililala nyumba ya juu. Mama mkubwa hakunipiga. Angenipiga ningejua pa kuweka chuki yangu. Aliniwekea chakula mlangoni kama mtu anayelisha mbwa wa jirani, na jioni alikuwa akiikunjua ile leso ya Nyakundi, akaikunja, akaikunjua tena. Wavulana wake waliniita mtoto wa mfukiaji. Kila nilipokosa kitu waliniuliza, "Mama yako amekifukia wapi?" Tata alikuwa hodari wa kuchapa watoto, lakini mbele ya wazee wake ulimi ulimganda.

Mahindi yalikuwa yamevunwa alipokuja mjomba Makori, kaka ya mama. Alikuwa mchongaji mawe kule Tabaka, mikono yake myeupe kwa vumbi mpaka kwenye viwiko. Hakukubali kukaa wala kunywa uji.

"Ile picha imeonyeshwa kwetu," akamwambia tata. Mzee Onchiri alikuwepo. "Ukutani, kwenye chokaa. Watoto wawili wamo. Nimewaona, dada yangu amewaona, Tabaka nzima imewaona."

"Sisi pia tumeona, shemeji," tata akasema. "Kwa macho."

"Mlionyeshwa nusu."

"Nusu namna gani? Picha ni picha."

"Jumapili gari litakuwa Keroka. Njooni mtazame. Au kilima kizima mnaogopa ukuta?"

Tata angekataa. Ni mama mkubwa aliyesema kutoka mlangoni mwake, "Mimi nitaenda." Baada ya hapo wanaume wangekataaje?

Tulipanda lori la ndizi, mimi, tata, mama mkubwa na Mzee Onchiri. Sinema ilikuwa katika ghala la mahindi pale Keroka, kando ya barabara ya Kericho, milango imefungwa na magunia yamepachikwa kwenye nyufa. Mama alikuwa nje barazani, amekaa na kikapu chake kikubwa mbele yake. Alikuwa amekonda. Nilitaka kumkimbilia, lakini hakunitazama, nikapita kama mtu wa kupita. Hakuingia ndani. Alisema ameshaiona.

Mwenye mashine alikuwa mwingine, mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi. Mjomba alimwuliza kuhusu kibati, ambacho habari zake alizisikia kule Tabaka. Akafungua sanduku, akakitoa kwa ncha za vidole.

"Hiki? Nilikikuta humu. Aliyekikata alikuwa na kiburi kuliko akili. Alitaka picha pana, na upana hakuwa nao, basi akakata urefu."

Picha aliyotuonyesha haikuwa kubwa. Ilikuwa karibu mraba, ndogo kuliko mlango wa ghala. Kilima kikatokea na kilele chake. Bwana shamba na kofia yake. Wanawake wakapita wakikanyaga ardhi.

"Wana miguu," Mzee Onchiri akasema polepole.

Akaja mama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama. Mkono ukashuka, ukashuka zaidi, na pale chini palikuwa na msichana mwenye kichwa kilichonyolewa, uso mchafu, macho makubwa. Kiganja kikatua kichwani pake. Nyuma ya bega lake palikuwa na uso wa mtoto mwingine, mdomo wazi, anacheka, anavuta jani la chai.

Mjomba akasema, "Rudisha." Mzee wa miwani akarudisha ukanda. "Sasa weka kibati." Akaweka. Mkono ukashuka, chini hapakuwa na kitu. "Toa." Tukawepo. "Weka." Hatukuwepo. Kila tulipofutika nilishika goti langu, na kila mara goti lilikuwepo. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba sikuwahi kwenda popote, siku ile wala siku yoyote. Ufa mwembamba kama ukucha ndio uliomfukuza mama yangu, ufa huo na mimi.

"Pengine ni uchawi wa mashine," akasema Mzee Onchiri.

"Basi mfukuzeni mwenye mashine," mjomba akamjibu. "Mnajua njia."

Watu wa Keroka wakaangua kicheko. Katikati ya kicheko hicho mama mkubwa alisimama.

"Usiweke tena hicho kitu," akamwambia mwenye mashine. "Rudisha. Nionyeshe."

Akarudisha. Mama mkubwa akatembea mpaka ukutani. Alikuwa mrefu kweli, kivuli chake kikafunika kila kitu, mama, chai, sisi sote.

"Ondoka, mama, unaziba!" wakamfokea. "Kaa chini! Ni dirisha wewe?"

Akapiga magoti kando ya ukuta, akanyoosha mkono pale uso wa mwanawe ulipokuwa. Hakumgusa. Uso uliruka ukatua mgongoni mwa mkono wake, ukawa unacheka hapo juu ya mishipa, kidogo tu, kisha likaja lile lori la magunia.

Tulipotoka nje jua lilituumiza macho. Mama mkubwa alisimama mbele ya mama yangu barazani. Nilingoja aseme. Sote tulingoja.

"Alikuwa anacheka," akasema.

"Alicheka siku nzima," mama akajibu.

Basi. Hakuomba radhi siku hiyo, na aliishi hata nikapata wajukuu, na hakuomba. Ndiyo sababu nilisimama kaburini nimefunga mikono. Watu wananisema, na waniseme.

Mzee Onchiri akakohoa kwa ile sauti yake. "Kerubo, mwanangu, mambo yameisha. Rudi nyumbani."

"Yameisha?" mama akasema. "Mlinitoa mchana, watu wakitazama. Nitarudi mchana, watu wakitazama. Na kikapu hiki atakibeba huyo." Akaonyesha tata kwa kidevu.

"Mwanamume habebi kikapu cha mke wake sokoni," tata akanong'ona. "Kerubo, nitalipa kijana abebe."

Mama akakaa tena barazani, akakunja miguu, kama mtu aliyekuja kutazama magari. Wapita njia wakaanza kusimama. Mjomba akainua kikapu, akaongeza ndani yake mawe mawili ya kuchonga. "Zawadi ya wajomba," akasema. Akamwekea tata kichwani.

Lori lilitushusha barabarani, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu. Tulipita kwenye kituo cha majani ya chai, foleni ndefu ya wachumaji wakingoja mizani. Hakuna aliyeimba. Mwanamke mmoja alimwambia tata, "Pole na kazi," na wengine wakageuza nyuso wakafunika midomo. Mzee Onchiri na mama mkubwa walibaki nyuma mbali, kila mmoja peke yake. Mama alitangulia. Mimi nilifuata hatua kumi nyuma yake, nikiomba asigeuke, nikiomba ageuke.

Mtoni alisimama, akakaa juu ya jiwe, akatia mguu mmoja majini. Tata akasimama ukingoni na mzigo wake. Kikapu cha uzito ule mtu hatui peke yake, lazima asaidiwe, na mama hakuinuka kumsaidia. Akaniita kwa kidole. Nikaenda nikasimama mbele yake, nikitazama maji.

"Siku ile walipokuuliza," akasema, "ulimwogopa nani?"

Nilikuwa na majibu mengi, na sikuwa na maneno ya kuyasema. Nikasema lile lililokuwa fupi.

"Tata."

Mama akainua macho akamtazama. Shingo ilikuwa imezama mabegani, jasho linamdondoka kutoka kwenye kidevu, mikono yote miwili imeshika kikapu juu, na nzi alikuwa akimtembea puani bila yeye kuweza kumfukuza.

"Huyu?" mama akasema.

Akautoa mguu majini, akautazama pande zote, kisha akaanza kuosha wa pili, polepole.